Mbuzi Aliyekula Ramani: Majibu kwa Wanaowaandikia Watoto Hadithi za Wanyama wa Shambani

Barua nyingi zilizonifikia safari hii zinahusu hadithi za kuchekesha za watoto ambamo wanyama wa shambani huzungumza, hutoroka zizini na kupatwa na misukosuko njiani. Nimechagua saba. Nimezifupisha bila kugusa kiini cha swali, na badala ya majina halisi nimetumia yale ambayo waandishi wenyewe walijipa.

Kwa nini watoto wangu hawacheki?

*Ndugu mwandishi, salamu. Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja wa miaka sita na mwingine wa miaka tisa. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikiwaandikia hadithi za mbuzi aitwaye Kidevu, ambaye huvaa miwani, huendesha gari, hubeba simu na husafiri na rafiki zake kutafuta hazina. Wanasikiliza kwa adabu, lakini hawacheki, na juzi yule mdogo aliniuliza, “Mama, kwa nini asiwe mtu tu?” Nimekosea wapi? – Mama Kidevu*

Mama Kidevu, mwanao ameuliza swali ambalo hata wahariri wazoefu husahau kuliuliza. Nimezisoma kurasa ulizoniletea, kisha nikafanya jaribio dogo: kila palipoandikwa “mbuzi” niliandika “mjomba”, nikasoma upya tangu mwanzo. Hakuna sentensi hata moja iliyoharibika. Mjomba alivaa miwani, mjomba aliwasha gari, mjomba alipokea simu. Kidevu wako ni mtu aliyevikwa ngozi ya mbuzi, na mtoto, ambaye huwatazama wanyama kwa makini kuliko sisi watu wazima, huligundua jambo hilo mapema.

Katika hadithi hizi kicheko huzaliwa pale mnyama mwenye maneno ya mtu anapobanwa na mwili wake mwenyewe. Kwa hiyo, kabla hujampa Kidevu chombo chochote cha binadamu, andika kwanza pembeni unayoyajua kuhusu mbuzi. Hana mikono. Kitu chochote kigeni hukichunguza kwa midomo na ulimi. Hana meno ya mbele katika taya la juu. Mboni za macho yake zimelala mlalo, hivyo huona karibu pande zote bila kugeuza shingo. Hupenda kupanda juu ya chochote kilichoinuka. Tena hucheua, yaani alichokimeza hukirudisha kinywani akakitafuna upya. Ukishaandika hayo, jiulize kila tabia itavuruga nini katika safari yao.

Wewe uliandika hivi: “Kidevu alivaa miwani yake, akaifungua ramani, akasema, ‘Hazina iko upande wa kaskazini, rafiki zangu, twendeni.’” Nimejaribu kuiandika upya sehemu hiyo hiyo, nikiwa nimemvua miwani na kumrudishia kwato zake:

Kidevu alikabidhiwa ramani aitunze, na kwa kuwa hakuwa na mikono, aliibeba mdomoni. Walipofika kwenye njia panda, punda alisimama.

“Kidevu, ramani iko wapi?”

“Ninayo.”

“Ninauliza iko wapi.”

“Ninayo kabisa. Sasa haiwezi kupotea tena.”

Kuku alimtazama mdomo, akamtazama shingo, halafu akamtazama tumbo. Pakawa kimya jii.

“Basi tuambie,” punda akasema polepole, “tushike njia ipi?”

Kidevu alifumba macho. “Kushoto. Upande wa kulia kulikuwa na wino mwingi wa buluu, na wino wa buluu ni mchungu. Nadhani ule ulikuwa mto.”

“Unadhani?”

“Subirini kidogo,” akasema Kidevu, akaanza kucheua. “Naisoma mara ya pili.”

Hakuna jambo katika vipande hivyo ambalo mbuzi wa kweli hawezi kulifanya, isipokuwa kusema. Karatasi hutengenezwa kwa nyuzi za miti, na mbuzi ataijaribu bila kuombwa. Kosa lake limeleta balaa, na mwili ule ule ulioleta balaa ndio unaowapa wenzake namna ya kutoka: ramani iko ndani yake, hivyo hawawezi kumwacha nyuma hata wakimkasirikia vipi. Safari imepata kiongozi asiyefaa na asiyeweza kubadilishwa. Hapo mtoto hucheka, na papo hapo hutaka kujua kitakachofuata.

Wape wenzake haki hiyo hiyo. Ng'ombe hutumia saa nyingi kwa siku akicheua, mara nyingi kati ya 6 na 8, kwa hiyo aulizwe swali la haraka katika ukurasa wa 4 na alijibu katika ukurasa wa 9, wakati hatari imekwisha kupita na hakuna anayekumbuka aliulizwa nini. Kuku haoni vizuri gizani na hutafuta pa kulala jua linapozama. Panga uvamizi wa usiku, umfanye yeye ndiye mwenye mpango wote kichwani, halafu asinzie katikati ya sentensi. Punda akitishika husimama wima badala ya kukimbia, na watu huliita jambo hilo ukaidi ilhali ni tahadhari. Kila mmoja wao amekwisha kuwa kichekesho kabla hujamtungia chochote.

Vichekesho vinavyopotea katika kusoma kwa sauti

*Mimi ni mwalimu wa watoto wa miaka saba. Nina hadithi ya kuku na mbuzi ambayo huchekesha mtu anapoisoma mwenyewe kimyakimya, lakini nikiisoma kwa sauti darasani vichekesho vinapita bila kusikika. Je, tatizo ni langu au ni la hadithi? – Mwalimu wa Asubuhi*

Mwalimu, nusu ya tatizo ni ya hadithi, na inarekebishika kwa kalamu. Mtoto anayesikiliza hawezi kurudi nyuma mstari mmoja. Anahitaji neno la kuchekesha liwe la mwisho katika sentensi, ili baada yake pawe na nafasi ya kucheka. Ukisoma “bata alitumbukia majini chubwi kwa sababu alikuwa haangalii mbele”, umekifunika kicheko kwa maelezo. Tanguliza sababu, umalizie na “chubwi”, kisha unyamaze kwa muda wa pumzi moja.

Kiswahili kina hazina kubwa ya tanakali za sauti, na nasikitika kuona waandishi wengi wa watoto wakiziacha wanapoandika, ingawa huzitumia vizuri wanaposimulia kwa mdomo. Mnyama huanguka pu, hulowa chepechepe, hulala fofofo, giza huwa totoro. Maneno hayo hubeba mlio na picha kwa wakati mmoja, na mtoto huyarudia mwenyewe siku nzima.

Lugha imetuwekea pia vichekesho vingine vinavyotusubiri tu. Kuku akitoka kutaga husemwa anatetea, na wakili mbele ya hakimu naye anatetea. Hebu fikiri wanyama wamekusanyika kumshtaki Kidevu kwa kula ramani, na kuku akateuliwa awe wakili wake. Anasimama, anakung'uta manyoya, anatetea kwa robo saa bila kutamka neno hata moja linaloeleweka, naye punda anatikisa kichwa kwa mshangao na kusema kwamba tangu azaliwe hajasikia mtu aliyetetea namna ile. Usiwaeleze watoto maana ya pili. Wawili watatu wataing'amua na kuwaeleza wenzao, na darasa litacheka mara mbili. Jihadhari tu usiweke michezo ya maneno mingi katika hadithi moja, maana huchosha upesi.

Nusu ya pili ni yako, Mwalimu. Soma kwa utulivu, hata palipo na kelele nyingi kwenye ukurasa, na usitangulie kucheka. Wanyama hawa hawajui kama wanachekesha: Kidevu anapoisoma ramani mara ya pili anafanya kazi aliyokabidhiwa kwa uaminifu wote, na sauti yako inapaswa kumheshimu hivyo.

Wanyama wazungumze na watu?

*Katika hadithi yangu mkulima wakati mwingine anawaelewa wanyama, na wakati mwingine hawaelewi. Rafiki yangu anasema hilo ni kosa. – Msomaji wa Siku Zote*

Rafiki yako ana haki. Chagua kanuni moja katika ukurasa wa kwanza na uishike hadi mwisho, kwa sababu mtoto ataisamehe hadithi kwa kusema kwamba ng'ombe huongea, lakini hataisamehe ikivunja ahadi yake yenyewe. Mimi hupendelea mkulima asielewe lolote. Kidevu anaungama kwa machozi kwamba ndiye aliyefungua lango, na mkulima, aliyesikia “mee” ndefu tu, anamwongezea majani akidhani ana njaa. Mtoto anayesikiliza anajua zaidi ya mtu mzima aliyemo hadithini, na furaha ya kujua hivyo ni kubwa.

Jogoo aliyechelewa kuamka

*Nina miaka kumi. Naandika hadithi ya jogoo aliyechelewa kuamka, shamba zima likalala mpaka mchana. Kaka yangu anasema jogoo huwika anapoona jua, kwa hiyo hawezi kuchelewa na hadithi yangu ni ya uongo. Nani ana haki? – Mimi Hapa*

Mwandishi mwenzangu, kaka yako amekosea kidogo, na ukweli wenyewe utaisaidia sana hadithi yako. Jogoo ana saa ndani ya mwili wake. Watafiti wa Japani walichapisha mwaka 2013 matokeo ya kuwaweka majogoo katika mwanga hafifu usiobadilika mchana na usiku. Majogoo wale waliendelea kuwika kwa mzunguko wa takriban siku moja, ingawa hakuna jua lililowachomozea. Kwa hiyo jogoo huwika hata kabla hajaona mwanga.

Lakini lipo jambo tamu zaidi. Kuku huishi kwa madaraka: yupo anayeruhusiwa kumdonoa kila mmoja, yupo anayefuata, hivyo hivyo mpaka wa mwisho, ambaye hudonolewa na wote. Mtaalamu wa Norwei, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliueleza utaratibu huo miaka ya 1920. Mwaka 2015 wale watafiti wa Japani walionyesha kwamba hata kuwika alfajiri hufuata madaraka: jogoo mkubwa huanza, wa pili hufuata, wa tatu huja baadaye. Mkubwa alipoondolewa, wa pili ndiye aliyeanza.

Sasa tazama unacho nini mkononi. Jogoo wako mkubwa hajaondolewa. Yupo palepale juu ya ua, ila amelala fofofo. Jogoo wa pili ameamka, koo linamwasha, saa yake ya ndani inamwambia muda umefika, lakini akiwika kwanza atadonolewa. Wa tatu anamtazama wa pili. Wa mwisho kabisa, yule mdogo anayedonolewa na wote, ana wazo. Nakuachia wewe umwambie msomaji ni wazo gani, maana hadithi ni yako.

Hadithi isiyo na funzo ina faida gani?

*Mimi ni babu wa wajukuu tisa. Hadithi za wanyama nilizosimuliwa utotoni zilikuwa na mafunzo. Hizi za siku hizi ni mbuzi kula ramani na kuku kusinzia, watoto wanacheka, basi. Kuna faida gani? – Babu wa Tisa*

Mzee wangu, shikamoo. Nakubaliana nawe kwamba hadithi hizo za zamani zilibeba mambo mazito, lakini naomba tuitazame moja yao kwa karibu, kwa sababu naamini inatuambia jambo ambalo waandishi wa mafunzo wamelisahau.

Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha mjini London mkusanyo wa hadithi za Kiswahili, na miongoni mwake imo ile ya punda wa dobi. Unaifahamu: punda mnene anadanganywa na sungura aende kwa simba, anaponea chupuchupu, anadanganywa tena, anarudi, anauawa. Sungura anajilia moyo na masikio kwa siri, na simba anapouliza viko wapi, anajibiwa kwamba punda yule hakuwa navyo, kwani angekuwa na moyo na masikio asingerudi mara ya pili. Funzo liko wazi. Lakini ni nani anayelisimulia? Ni kima aliyemponyoka papa, yuko juu ya mti, na papa anamwita ashuke tena majini. Kima anasimulia kisa kizima ili kukataa kushuka. Funzo lina kazi ndani ya hadithi, nalo limetolewa na mnyama anayelihitaji ili abaki hai, mbele ya adui anayelisikia kwa uchungu. Hakuna mtu mzima aliyejitokeza mwishoni kuwaambia watoto, “Basi wanangu, mmejifunza nini?”

Ninachokipinga ni mstari huo wa mwisho tu. Mtoto aliyecheka kwa dhati amekwisha kuona kwamba Kidevu alikabidhiwa kitu asichoweza kukitunza, na kwamba wenzake walikosea kumkabidhi. Ukimweleza upya utamwonyesha kwamba hukumwamini.

Wewe mwenyewe, Mzee wangu, unayo mali ambayo waandishi vijana wanaihitaji, nayo ni methali. Zimejaa wanyama wa shambani, na hakuna aliyewahi kuwauliza wanyama hao maoni yao. Msomee punda “punda afe mzigo ufike”, umwache ajibu. Nadhani atauliza, kwa upole, kama kuna aliyefikiria nani ataubeba mzigo wa kesho. Mwambie kifaranga kwamba mwana wa kuku hafunzwi kuchakura, halafu yeye, ambaye tangu asubuhi anachakura na hapati hata chembe, alie kwamba anadai mwalimu. Wajukuu zako watacheka, na watakuwa wamezijua methali mbili ambazo hawatazisahau.

Safari yenyewe iwe kubwa kiasi gani?

*Nina miaka kumi na saba na nataka kuwa mwandishi. Wanyama wangu wanatoka shambani, wanapanda roketi, wanapigana na majini na kurudi na taji la dhahabu. Matukio ni mengi sana, lakini mdogo wangu alilala kabla ya nusu. Naongeza nini? – Kalamu Changa*

Kalamu Changa, punguza. Wanyama wako wakishapanda roketi wamekuwa abiria, na abiria wote hufanana. Nguruwe ndani ya roketi hana matope, bata hana maji, punda hana njia ya kugomea. Umewapeleka mbali sana na vitu vinavyowafanya wawe wao.

Kumbuka pia urefu wa macho yao. Kwa kifaranga wa siku tatu, majani yasiyokatwa ni msitu, mfereji ni mto, na upande wa pili wa barabara ni nchi nyingine. Lango lililosahauliwa wazi linatosha kabisa kuanzishia safari. Ipo hadithi moja iliyokusanywa na ndugu wawili wa Ujerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, na kuchapwa mwaka 1819, ya punda, mbwa, paka na jogoo waliozeeka, ambao wanaelekea mji wa Bremen wakawe wanamuziki. Hawafiki Bremen kamwe. Tukio lao kubwa ni nyumba moja ya wanyang'anyi, usiku mmoja, na ushindi wao unatokana na kila mmoja kufanya kile anachokifanya siku zote: paka anaparura, mbwa anauma, punda anapiga teke, jogoo anawika. Mnyang'anyi aliyepatwa na hayo yote gizani ndiye anayeyageuza kuwa mambo ya kutisha anapowasimulia wenzake. Karne mbili zimepita na watoto bado wanaicheka simulizi yake.

Nitakupa njama moja ambayo maumbile yenyewe yameipanga, uitumie upendavyo. Mayai ya kuku huatamiwa kwa siku 21. Ya bata wa kawaida huhitaji takriban siku 28. Tuseme yai moja la bata limechanganyika na ya kuku, na kuku wetu, mama mwenye msimamo, ameyalalia yote. Siku ya 21 vifaranga wanatoka, wanakauka, wanaanza kuulizia chakula. Yai moja limebaki kimya. Majirani wanamshauri aliache. Yeye anakaa wiki nzima zaidi, akiwalea vifaranga wenye njaa huku hawezi kunyanyuka, na kila mnyama anayepita anatoa nadharia yake kuhusu yai lisilotaka kuzaliwa. Hiyo ni nusu ya hadithi, na hakuna aliyeondoka hata hatua tatu.

Nusu ya pili iko kwenye bwawa. Yule wa mwisho, mwenye miguu mipana na mdomo bapa, anaona maji kwa mara ya kwanza. Mama anapiga kelele kwamba anazama. Mtoto anajibu kutoka katikati ya bwawa kwamba hazami, na anauliza kwa nini wenzake wanachelewa. Hapa unaweza kuandika kurasa kumi bila kuchoka, kwa sababu hofu ya mama ni ya kweli, furaha ya mtoto ni ya kweli, na hakuna hata mmoja aliyekosea. Vifaranga wengine wamesimama ukingoni wakijadiliana iwapo waingie, na mmoja wao, aliye jasiri kuliko akili zake, amekwisha kutia mguu. Lazima aokolewe sasa hivi, na anayeweza kumwokoa ni mmoja tu, yule aliyeanguliwa kwa kuchelewa.

Kuhusu urefu, kama unakusudia kitabu cha picha, fahamu kwamba wachapishaji wengi hutumia kurasa 32, kwa sababu karatasi kubwa za mtambo hukunjwa kuwa mafungu ya kurasa 8 au 16. Ukiondoa kurasa za jina na za hakimiliki, hubaki nafasi ya matukio kama kumi na mawili. Roketi, majini na taji havienei humo. Bwawa linaenea.

Baba, huyu naye alikuwa anazungumza?

*Binti yangu wa miaka saba amezipenda mno hadithi hizi. Wiki iliyopita, tukiwa mezani, aliitazama nyama iliyokuwa kwenye sahani yake, akaniuliza, “Baba, huyu naye alikuwa anazungumza?” Sikuwa na jibu. Je, niache kumsomea? – Baba Aliyenyamaza*

Baba, usiache. Swali lake ni la haki, na linaonyesha kwamba hadithi zimemgusa mahali panapostahili kuguswa.

Mwandishi wa hadithi za shambani hawezi kulikwepa jambo hili kwa kujifanya halipo, kwa sababu kila mtoto anajua, au atajua, kwa nini watu hufuga. Njia ziko mbili ninazoziona kuwa za heshima. Ya kwanza ni kuchagua wanyama wanaofugwa kwa kazi au kwa mazao yao, yaani maziwa, mayai, sufu, kubeba mizigo, na kuiacha hadithi ibaki katika eneo hilo. Ya pili ni kulikabili waziwazi. E. B. White alifanya hivyo katika Charlotte's Web, kitabu kilichotoka mwaka 1952: hadithi inaanza asubuhi ambayo baba anakwenda kumuua mwananguruwe dhaifu, na msichana mdogo anamzuia. Hofu ile ya kifo inabaki hadi mwisho, na bado kitabu kimejaa vichekesho, kwa sababu wanyama wanaoogopa kufa wana kila sababu ya kupenda kuishi. Nisichokikubali ni ile hadithi ambamo mnyama hupotea zizini, wengine hawamuulizii, na watu hukaa kula. Mtoto huuona uwazi huo hata kama hakusema, na mzaha juu yake humuumiza.

Kwa binti yako, jibu alichouliza. Mwambie kwamba hapana, hakuwa akizungumza kwa maneno kama yale ya kwenye kitabu, maneno yale waandishi wamewakopesha wanyama. Kisha umwambie na lililo kweli, kwamba wanyama hao wana namna zao za kuambiana mambo. Kuku ana mlio mmoja wa hatari itokayo angani, kama mwewe, na mlio mwingine wa hatari inayotembea ardhini, na wenzake wanaousikia hutofautisha: kwa ule wa kwanza huinama na kutulia tuli, kwa ule wa pili husimama wima na kutazama huku na huku. Mama kuku akipata chakula huwaita vifaranga wake kwa sauti maalumu, nao huja mbio. Mkipata nafasi ya kuwatazama kuku kwa nusu saa, kaeni naye kimya karibu nao, umwache yeye ndiye akueleze wanasema nini. Akikuuliza tena kuhusu ile sahani, na nadhani atauliza, mjibu kwa ukweli unaouamini wewe mwenyewe, kwa sauti ile ile unayomsomea hadithi.